Gemu

Effie Gillanders ana miaka saba na wiki mbili
na kila herufi aionayo anaila:
pakiti ya shayiri, namba ya gari la posta,
jina la marehemu kwenye benchi la kanisa.
Leo, mvua ya Uskoti ikinyesha kwa ubavu,
amelikuta neno la chokaa kwenye mlango wa kijani
nyuma ya nyumba ya babu yake, mlinzi wa mlima wa watu.
Herufi nne. Gemu.

Akawaza karata. Akawaza dadu, nyoka na ngazi,
pengine hata ile baiskeli aliyoahidiwa.
Akavuta komeo.

Ndani palikuwa na ayala,
kichwa chini, miguu ya nyuma kwenye ndoano,
tumbo wazi kama koti lililokatika vifungo,
na tone, na tone, na tone
likienda zake kwenye tundu la sakafu.

Hakulia. Alifunga mlango, akasoma tena,
kidole chini ya kila herufi,
kama mtu anayeshuku amepunjwa chenji.

Torquil alikuwa jikoni, anavua buti.
Neno la zamani hilo, alisema, la kabla ya babu wa babu.
Ayala ni gemu. Sungura ni gemu, kwale wa mlimani pia.
Mbweha siyo. Mbweha ni mharibifu,
huyo hupigwa tu, hana heshima, hana msimu.
Fuko siyo. Kunguru siyo.
Kalunguyeye
(babu alikuna kidevu)
kalunguyeye hamhusu mtu.
Tena halina wingi: mmoja ni gemu,
mia ni gemu, mlima mzima ukitimua mbio ni gemu.
Wapigaji ndio huandikwa mmoja mmoja, kwa majina kamili,
kwenye daftari la jalada la ngozi.
Ngozi ya nini, hakusema.

"Hata huu," akagonga goti
lililovunjwa na farasi mwaka wa theluji kubwa,
"huitwa hivyo hivyo. Mguu gemu. Mguu usiokwenda.
Na mtu aliye tayari kwa lolote husema: mimi gemu."

Effie alikunja uso.
Neno gani hili, lenye mifuko kama koti la babu mwenyewe,
ambamo kamba na risasi na peremende hulala pamoja?

"Sasa yule wa mlangoni," aliuliza,
"aliambiwa kuwa wanacheza?"

Birika lilikuwa bado kuchemka.
Torquil akaliinua hata hivyo.

Nami ninayeandika haya nisijione msafi.
Lugha yangu haikumwita mchezo; ilimwita kwa sahani.
Mtazame mnyama: mwondolee ile m ya mbele,
m ya mtu, ya mtoto, ya mgeni anayebisha hodi,
herufi moja tu, nyembamba kama ngozi,
na kilichobaki kimeshakatwa, kinangoja chumvi.
Miaka yote nimelitamka bila kusikia kisu.
Mpaka mtoto wa watu, mbali huko kwenye baridi,
akafungua mlango wake, nami nikachungulia wangu.

Jumatatu Bi Farquhar aliandika neno lile ubaoni,
akataka sentensi.
Ruaridh aliandika kuhusu simu ya kaka yake.
Wengi waliandika mpira.
Effie aliandika, ulimi nje kidogo:
Gemu yuko kwa babu. Amecheza mara moja tu.

Bi Farquhar alipitisha kalamu nyekundu,
akatafuta kosa kwenye tahajia, hakuliona,
akaishikilia juu ya ile nukta ya mwisho
mpaka wino ukafanya tone.